Uzi maalumu kwa wanaopanga kwenda Hispania ya kusini (Andalusia): anza na tiketi ya Alhambra, jua utalikuta

Mwanzisha uzi (Tanga)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Tangu nirudi na mama yangu kutoka Hispania mwezi wa nne 2025, kila wiki kuna mtu ananiuliza: ulipangaje? Naweka yote hapa, anayehitaji achote.

Nianze na nilivyokosea. Mara ya kwanza nilikwenda Julai 2022. Kazi ilinipeleka Madrid siku nne, nikajiongezea wiki moja ya kushuka kusini, kule Andalusia. Mimi ni mtoto wa Tanga, nikajiambia joto gani hilo la kunitisha. Joto la kwetu lina jasho, lina upepo wa bahari, ukikaa chini ya mwembe unapata nafuu. La Sevilla mwezi wa saba ni kavu, linapita nyuzi 40, na kuta zinalitema mpaka usiku. Siku ya pili kichwa kilinigonga nikashinda nimelala chumbani na taulo la maji usoni. Sevilla yangu ikawa ya dirishani. Nikaenda Granada na hamu moja tu, kuiona Alhambra, zile kasri za kale za wafalme Waislamu, nikakuta tiketi za siku hiyo na ya kesho yake zimekwisha zamani. Nikaizunguka kwa nje, nikapiga picha za kuta, nikapanda basi. Nililia ndani ya lile basi.

Kwa hiyo nilipoanza kumpangia mama, nilipanga kwa kurudi nyuma: nilianza na siku ya kuingia Alhambra, mengine yote yakaizunguka siku hiyo.

Sababu ni hii. Alhambra si jengo moja, ni mji wa kifalme juu ya kilima, ulioanzishwa mwaka 1238 na mfalme wa kwanza wa ukoo wa Nasri. Kiini chake ni zile kasri zinazoitwa Palacios Nazaríes, na huko watu wanaingizwa kwa zamu za nusu saa. Tiketi ina jina lako na namba ya pasipoti, na zamu yako imeandikwa juu yake. Ukichelewa umekosa, hata kama bustani na ngome unaruhusiwa. Majira mazuri tiketi zinakwisha wiki nyingi kabla. Nunua kwenye tovuti rasmi ya Alhambra yenyewe, kwa sababu wachuuzi wa mtandaoni wanaziuza kwa bei ya juu na wengine wanakufungia kundi la matembezi usilolihitaji.

Na hapa nawaomba muwe makini, hasa mkienda na wazee: tiketi imeandikwa 14:00, hiyo ni saa nane mchana. 08:30 ni saa mbili na nusu asubuhi. Mtaona kama ni jambo dogo, lakini mama yangu aliposoma "10" kwenye tiketi alijua ni saa kumi, akataka tuanze kwa kupumzika.

Kisha kalenda. Mwaka 2025 Ramadhani iliisha mwishoni mwa Machi, na Wiki Takatifu ya Wakatoliki, wanayoiita Semana Santa, ilianza Aprili 13. Sevilla wiki hiyo inajaa maandamano ya sanamu na mishumaa, hoteli zinapanda bei na barabara zinafungwa. Ni tukio kubwa na wapo wanaolifuata makusudi, ila kwa mama mwenye goti bovu sikuona faida. Tukapenya katikati: tulitua Málaga Aprili 3, tukaondoka tarehe 14. Hewa ilikuwa kama ya Lushoto asubuhi na kama ya Moshi mchana. Mvua ilitupata siku mbili. Anayepanga 2027 ajue Pasaka ni Machi 28, kwa hiyo wiki ya pili na ya tatu ya Aprili ni nzuri, isipokuwa Sevilla ina sherehe zao nyingine kubwa za Feria wiki mbili baada ya Pasaka. Oktoba nayo nimesifiwa na wenyeji.

Njia yetu: Málaga usiku mbili, Granada nne, Córdoba mbili, Sevilla mbili, kisha kurudi Málaga usiku mmoja kabla ya ndege. Watu wananiambia mbona hukumpeleka Barcelona? Barcelona ni mbali, ni nchi nyingine kabisa kwa tabia, na mwanadamu ana miguu miwili. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hatukuipata. Sisi tulipitia Istanbul kwa sababu kutoka pale unatua Málaga penyewe. Ukipitia Addis Ababa, Doha au Dubai unaweza kufika Madrid, halafu treni ya kasi inakushusha Córdoba kwa chini ya saa mbili. Kati ya miji ya kusini tulitumia treni na mabasi. Tiketi za treni ukinunua mapema zinashuka sana, ukingoja siku ya safari unalipa mara mbili.

Granada. Basi dogo la C30 linapanda mpaka mlangoni kwa Alhambra, usimtembeze mzee kile kilima. Ndani jiandae kutembea saa tatu au nne, na maji ubebe. Mama alisoma chuoni utotoni, Kiarabu hakijui kwa maana lakini herufi anazisoma. Tulipoingia kasri akasimama ukutani, akaanza kufuatisha kwa kidole bila kugusa, kwa sauti ndogo: wa la ghaliba illa Llah. Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Maneno hayo yamerudiwa kila mahali, kwenye matao, kwenye vigae, kwenye dari, na ukoo ulioyaandika ulitolewa pale Januari 2, 1492. Mama akaniambia, "Soma tena lile la juu, macho yangu hayafiki." Tulikaa chumba kimoja mpaka zamu mbili za watu zikatupita. Hakuna anayekufukuza ukishaingia.

Ng'ambo ya bonde kuna mtaa wa Albaicín, vichochoro kama vya Mji Mkongwe, ila vinapanda. Kuna msikiti uliofunguliwa 2003, bustani yake inatazamana na Alhambra. Tuliswali alasiri pale, na nyuma ya kasri milima ya Sierra Nevada ilikuwa na theluji. Kilele chake kinaitwa Mulhacén, karibu mita 3,480, kwa jina la mfalme Mulai Hassan wa Granada.

Córdoba. Ule msikiti mkubwa ulianza kujengwa na Abd al-Rahman wa kwanza mwaka 785, ukawa kanisa 1236, na mpaka leo ni kanisa kuu. Nguzo 856 zimebaki, na matao ya mistari myekundu na myeupe yanakwenda mpaka macho yanachoka. Aliyefika Kilwa Kisiwani akasimama ndani ya msikiti mkuu atautambua ule mpangilio, ingawa hapa katikati wamepandikiza kanisa refu la karne ya 16. Mwambie mzazi wako mapema kwamba kuswali ndani hakuruhusiwi kwa Waislamu. Mimi nilimwambia mama tukiwa bado Tanga. Akaingia, akavuta uradi wake moyoni, akatoka ametulia. Angeyajua mlangoni, siku yake ingeharibika.

Sevilla. Mnara wa Giralda, ambao ulikuwa mnara wa msikiti uliokamilika 1198, hauna ngazi mpaka karibu na kileleni. Una njia ya mteremko, pana, kwa sababu mwadhini alipanda kwa mnyama. Mama na goti lake alifika juu. Nawaambia hili kwa sababu nilikuwa nimepanga kumwacha chini kwenye benchi.

Maswali karibuni.

Mdau wa Mombasa

Shukran sana dada, Mola akuzidishie kwa kumtunza mzazi. Mimi nataka kwenda na mke wangu. Viza ndiyo inanitia hofu. Ni lazima ulipe tiketi ya ndege kabla? Na je, nikipata viza ya Hispania naweza kuvuka bahari kwenda Tangier, Morocco, siku moja? Naskia ni karibu mno.

Mwanzisha uzi

Kaka yangu, tiketi ya ndege usiilipe kabla ya viza isipokuwa ile inayorudishwa pesa. Wanachotaka kuona ni nafasi uliyoshika ya kwenda na kurudi. Ya Alhambra ndiyo niliyolipia kabla ya viza, nikijua nikinyimwa hairudi. Kwangu ilikuwa hasara ndogo kuliko kufika Granada tena nikarudi kapa.

Viza yenyewe ni ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Usingoje hizo 15. Kawaida ni siku 15 kupata jibu lakini wana haki ya kufika 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni 45, chini ya hapo bure. Bima ya matibabu ya safari isipungue yuro 30,000. Pasipoti iwe na miezi 3 mbele baada ya siku ya kutoka Ulaya, kurasa mbili nyeupe, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Hispania ina balozi Nairobi na Dar es Salaam. Tazama kwenye tovuti ya ubalozi wako nani anapokea makaratasi na miadi inachukuliwaje, maana miadi ndiyo inayochelewesha watu. Pia ujue sasa mpakani wanachukua alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri, foleni inaweza kuwa ndefu.

Tangier ni karibu kweli, ukiwa Tarifa unaiona kwa macho. Lakini ukipanda boti umetoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, haitakurudisha, na ndege yako ya nyumbani iko Málaga. Omba ya mara nyingi, na ueleze sababu kwenye barua, na uangalie masharti ya Morocco kwa pasipoti ya Kenya.

Mdau wa Dodoma

Nichangie kwenye viza kwa yaliyonikuta. Niliomba 2023 nikanyimwa. Kosa langu: mshahara wangu ulionekana vizuri, lakini siku nne kabla ya kutoa taarifa ya benki kaka yangu aliniingizia milioni kadhaa ili akaunti ionekane imenona. Barua ya kukataliwa ilisema hawajaridhika na uthibitisho wa fedha wala nia yangu ya kurudi. Kukata rufaa inaruhusiwa, mimi nikaona bora niombe upya.

Mara ya pili sikuongeza hata shilingi. Nilipeleka taarifa ya miezi sita kama ilivyo, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo na tarehe ya kurudi kazini, cheti cha ndoa, na karatasi moja niliyoandika mwenyewe: siku gani nitalala wapi, nitasafiri kwa nini, kila siku itagharimu kiasi gani. Nikapata. Wahispania wana kipimo chao: kila siku ya kukaa uwe na uwezo wa asilimia 10 ya kima chao cha chini cha mshahara cha mwezi. Kwa 2025 kilikuwa yuro 1,184, kwa hiyo kama yuro 118 kwa siku. Hutazimaliza, ila waone unazo.

Na ukilala kwa ndugu badala ya hoteli, usiandike tu "nitafikia kwa binamu". Binamu lazima achukue barua rasmi ya mwaliko kutoka polisi wa huko, na inachukua muda.

Mdau wa Muscat

Mashallah, uzi mzuri. Mimi mzaliwa wa Unguja, nipo Oman miaka mingi, nilikwenda huko 2023 na wanangu. Naongeza la lugha kwa sababu lilitufurahisha njia nzima. Tulikuwa tunahesabu maneno. Sukari wao ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna. Meya wao ni alcalde, ndiye kadhi wetu. Tangi la maji alberca, nalo ni birika lile la wazee wetu. Wakisema hasta mañana, hiyo hasta ni hata yetu ya "hata siku ile". Mto wa Sevilla na Córdoba, Guadalquivir, ni wadi kubwa, al-wadi al-kabir. Ngome ya Málaga inaitwa Gibralfaro, na ndani ya jina hilo kuna jabali.

Jingine. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 ndiye huyo huyo aliyefika Granada karibu 1350. Mfalme alikuwa mgonjwa hakuonana naye, mama yake mfalme akampelekea dinari za dhahabu. Uwanja wa Simba wa ndani ya Alhambra, mnaoupiga picha wote, hakuuona, ulijengwa baadaye na Muhammad wa tano. Niliwasimulia wanangu hili tukiwa pale pale, wakanyamaza kimya.

Mdau wa Uingereza

Asante dada. Kwa walio huku: kama una pasipoti ya Tanzania au Kenya na kibali cha kuishi Uingereza, bado unahitaji viza ya Schengen, unaombea hapa hapa.

Lakini nina ubishi kidogo. Umesema Julai haifai. Wenye watoto wa shule hatuna mwezi mwingine. Mimi nilikwenda Agosti na watoto watatu na tulifurahi sana. Siri ni kukaa Cádiz, ambako bahari ya Atlantiki inapoza, na kuishi kama wao wanavyoishi: alfajiri mtaani, mchana ndani, jioni ndefu nje. Sevilla tuliikatia siku moja, tukaingia asubuhi na mapema tukatoka saa sita.

Mwanzisha uzi

Umenena kweli, na naurekebisha uzi wangu: kiangazi mwenye watoto alale pwani, miji ya ndani aiibie asubuhi. Cádiz sijafika, ila wenyeji wa Sevilla wenyewe hukimbilia huko.

Hilo la jioni ndefu ni la kuzingatia. Hispania saa zao ziko mbele ya jua lao. Julai, Sevilla, jua linazama karibu saa nne kasorobo usiku. Aprili tulipokuwa sisi magharibi iliingia kama saa tatu kasorobo. Sisi tuliozoea jua kuzama saa kumi na mbili na nusu mwili unakataa. Chakula cha usiku migahawani kinaanza saa tatu, maduka madogo yanafungwa kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Mama nilikuwa namnunulia mkate, jibini na matunda mchana, ale akitaka.

Mdau wa Bujumbura

Na chakula kwa asiyekula nguruwe? Nasikia huko kila kitu kina nguruwe.

Mwanzisha uzi

Si kila kitu, lakini anajificha. Salmorejo, ile supu nzito ya nyanya ya Córdoba, hunyunyiziwa vipande vya nyama yake juu. Keki nyingi za kienyeji zimekandwa kwa mafuta yake, neno la kutazama kwenye pakiti ni manteca de cerdo. Uliza "¿lleva cerdo?" kabla ya kila sahani. Granada, Albaicín na mitaa ya chini yake, mabucha na migahawa yameandika halal wazi.

Ila samaki, ndugu yangu! Málaga ufukweni wanachoma sardini kwenye kijiti ndani ya mtumbwi uliojazwa mchanga, wanaziita espetos. Mama alikula sita akaomba ndimu zaidi. Na pwani ile kati ya Málaga na Motril wanalima maembe na maparachichi, miwa nayo waliilima mpaka miaka ya karibuni. Nilidhani mama atashangaa theluji, kumbe alichoshangaa ni mwembe Ulaya.

Machungwa yaliyojaa barabarani Sevilla msiyachume. Hayo ni madanzi, machungu. Lakini tulipofika Aprili yalikuwa bado na maua, na mji mzima ulinukia kama mkeka wa bi harusi.

Dogo jingine: soketi zao ni za matundu mawili ya duara, nunua adapta kabla hujaondoka. Maji ya bomba yananyweka. Na akina mama wanaokupa kijiti cha majani mkononi karibu na makanisa ya Sevilla na Granada, usipokee, ukipokea wanadai pesa na hawakuachii.

Mdau wa Mombasa

Dada, narudi na habari. Tumekaa na mke wangu jana usiku na kalenda mezani. Baba yangu naye ameomba kuja, ana miaka 71, hajawahi kupanda ndege. Tiketi za Alhambra tumezipata tatu, Oktoba, siku ya Jumatano, majina na namba za pasipoti zimeingia sawa. Miadi ya viza Nairobi tumechukua wiki ijayo. Zamu ya kasri imeandikwa 10:30. Nimemwandikia baba kwa kalamu nyekundu, saa nne na nusu asubuhi, nikabandika karatasi ndani ya jalada la pasipoti yake. Leo ameshaifungua mara tatu kuisoma.